Walichokiita Utovu wa Nidhamu

Tulimzika Devota mjini Sumbawanga mwezi wa saba, katika ile baridi yetu inayomfanya padri aharakishe sala na waombolezaji wajikunyate ndani ya makoti waliyoazima. Baada ya makaburini tulirudi nyumbani kwake, chini ya turubai lililokuwa likipigwa na upepo, na mwongoza ratiba akawakaribisha waliofanya kazi na marehemu waseme maneno mawili. Akasimama Fidelis. Fidelis huyu tulikuwa naye katika mafunzo ya mgambo tukiwa vijana, kisha akaingia polisi, akapanda vyeo, akastaafu akiwa na nyota begani. Alikohoa, akavua kofia, akasema kwamba dada yetu alikuwa na akili kuliko wengi wetu. "Angefika mbali sana," alisema. "Kilichomponza ni utovu wa nidhamu tu." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Akina mama wawili mbele yangu wakaguna. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya wali na maharage, nikaiweka chini ya kiti, nikatoka nje nikasimama kwenye upepo, kwa sababu ningebaki pale ningesema kwa sauti ambayo haifai msibani. Ninaandika kwa sababu ya sentensi ile moja. Nimekuwa polisi miaka mingi, na miaka ya mwisho nilikuwa nafundisha makuruta somo la sheria. Najua nidhamu ni nini. Sitakubali Devota azikwe na neno lile juu yake.

Nilikozaliwa na walichokuwa wakilima wazazi wangu sitavisimulia. Anayeijua Ufipa anajua, na asiyeijua hatapungukiwa. Nitaanza na ghala. Lilikuwa ghala la chama cha ushirika kilichokuwa kimeshakufa, katika kijiji kimoja si mbali na Chala, kijiji nisichokitaja jina kwa sababu watoto wa waliohusika bado wanaishi pale. Mvua zilikuwa zinaisha. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri kujua kama nitachaguliwa kuendelea, na sikutaka kukaa nyumbani kuulizwa matokeo na kila anayepita. Devota alikuwa amenizidi miaka michache, na cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na alama dhaifu, daraja la nne. Kwa mtu kama yeye mlango ulikuwa mmoja tu: umalize mafunzo ya mgambo, upate cheti cha mgambo, halafu usubiri Jeshi la Polisi au Magereza waje wilayani kuchukua vijana. Aliniambia siku ya kwanza, tukitandika mikeka, kwamba amekuja kutafuta upolisi, hakuja kutafuta mchumba wala kupunguza mwili. Wasichana wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyelima sana, na alipokuwa akisikiliza alikuwa akikukazia macho mpaka unamaliza, hata kama unachosema hakina maana.

Wasichana tulilala upande mmoja wa ghala, kwenye sakafu iliyonuka dawa ya kuulia wadudu wa mahindi, na upande wa pili, nyuma ya ukuta wa mbao zilizoachiana, ndiko ilikokuwa ofisi ya mkufunzi wetu, Afande Ndimbo. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka mpaka barabara kuu na kurudi. Kisha kwata, bunduki za mbao begani, umande ukitulowesha hadi magotini. Mchana ugali na maharage, maharage tuliyoyachambua wenyewe na bado ukakuta wadudu ndani, na Jumapili, kama gari la samaki kutoka ziwani limepita, migebuka mikavu iliyopikwa kwa nyanya, ambayo mpaka leo nikiila naisikia harufu ya lile ghala. Pembeni mwa uwanja wa kwata kulikuwa na nyumba ya Bibi Jenoveva. Alikuwa mjane asiye na mtoto aliye hai, anauza uji wa ulezi asubuhi, na tuliporudi kutoka mbioni na jasho limeanza kugeuka barafu mgongoni alitufungulia mlango wa jiko lake tukae kuzunguka mafiga. Jiko lile halikuwa na dirisha. Alipikia kuni za mikaratusi mbichi, moshi ulijaa mpaka tukatokwa na machozi, na yeye, aliyeishi ndani ya moshi ule maisha yake yote, alikuwa na macho mekundu kama pilipili iliyoiva. Tulimwamkia shikamoo, akatujibu marahaba huku akikoroga, na anayekosa cha kulipia alikunywa hivyo hivyo.

Mara moja kwa juma alikuja Koplo Rashidi kutoka Namanyere, kwa pikipiki, kutufundisha sheria. Alikuwa mwenyeji wa Kirando, mtoto wa mvuvi, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu, na tulikaa darasani shule ya msingi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Wavulana wengi walisinzia. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya mabuti na bunduki, na mtu huyu anawaletea vifungu. Nakumbuka siku aliyoinua mguu wake akauweka juu ya meza ya mwalimu, kiatu kikalia. "Wewe utavaa hiki," alisema. "Raia amevaa ndala. Kwa hiyo sheria imekaa upande wa ndala." Alitufundisha kwamba huwezi kumkamata mtu kwa sababu hapendwi. Ukimkamata unamwambia kosa lake kwa lugha anayoielewa. Alitufundisha pia, na hapa baadhi ya wavulana waliamka, kwamba sheria ya nchi haimtafuti mchawi kwa kuchimba nyumba yake. Inamkamata anayemwita mwenzake mchawi na kumletea madhara. Darasa likanong'ona. Devota akanyoosha mkono.

"Afande, mkubwa wangu akiniamuru nimkamate mtu na mimi naona hana kosa?"

"Unamwuliza kosa ni lipi."

"Akikasirika?"

"Atakasirika," alisema Koplo Rashidi. "Amri halali unaitii hata kama hukuipenda. Amri isiyo halali ukiitii, siku ya siku kizimbani utasimama peke yako. Yeye atasema hakukutuma."

Fidelis alikuwepo. Alikaa dawati la mbele yetu. Aliyasikia maneno haya kama sisi tulivyoyasikia, na ndiyo maana msibani nilishindwa kumvumilia.

Mwezi wa sita, jioni moja kabla ya chakula, mimi na Devota tulikuwa tumekaa sakafuni ghalani tukichambua maharage ya kesho. Wengine walikuwa kisimani. Upande wa pili wa mbao tukasikia kiti kikivutwa, na sauti ya mwenyekiti wa kijiji, ambayo tuliijua kwa sababu kila Jumatatu alikuja kutuhutubia. Alikuwa anazungumza na Afande Ndimbo kuhusu lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini wakidai wanafichua wachawi na kuchimbua hirizi zao. Walikuwa wameshafika kijiji cha jirani. Jumamosi wangekuwa kwetu.

"Wananchi wamepiga kura, wamekubali," alisema mwenyekiti. "Mimi ninachoomba ni vijana wako watulinde, na wawalete uwanjani wale wazee watakaojifungia ndani."

"Polisi wakisikia?"

"Nani atawaambia? Hili ni jambo la kijiji."

Afande akauliza, "Na huyu bibi wa uji?"

"Huyo ndiye wa kwanza. Wewe hujayaona yale macho?"

"Vijana wangu wanakunywa uji wake kila asubuhi."

"Ndiyo hayo sasa," alisema mwenyekiti, na wote wawili wakacheka kicheko kifupi, kama watu waliokumbushana deni dogo. Devota aliacha kuchambua. Ungo ulikuwa mapajani mwake na vidole vyake vimebaki vimezama kwenye maharage. Hakuniangalia. Alinong'ona tu, "Kesho zamu ya kwenda Namanyere kuchukua vyakula ni ya nani?" Ilikuwa yangu.

Nilimkuta Koplo Rashidi kwa mama lishe karibu na stendi ya Namanyere, anakula. Nikamweleza. Aliniuliza kama niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe au nimesimuliwa, na ni nani mwingine aliyesikia, akaniuliza tena kwa namna nyingine kuona kama nitajichanganya. Kisha akanawa mikono na chakula chake kikiwa nusu. "Rudi," alisema. "Usimwambie mtu. Mimi nitakuja." Nikarudi garini juu ya magunia ya vyakula nikiwa na moyo mwepesi kabisa, kwa sababu nilikuwa na umri ule wa kuamini kwamba ukishamwambia polisi, jambo limekwisha. Sikujua kwamba na yeye alikuwa na mkubwa wake wa kumwomba ruhusa, na kwamba mkubwa huyo, kama alivyotusimulia baadaye, alimwambia mambo ya mila yaachwe na wenye mila, na gari halina mafuta.

Jumamosi asubuhi tulipangwa mstari uwanjani. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja, na watoto wamevalishwa nguo za kanisani. Lambalamba walikuwa vijana wadogo tu, wamejipaka unga, wana vioo na mikia ya nyumbu, na mmoja alikuwa amevaa saa nzuri. Afande Ndimbo alipita mbele yetu mikono nyuma. Alisimama kwa Devota, ambaye alikuwa kamanda wa sekshen yetu, kikundi chetu kidogo cha makuruta, kwa sababu hakuna aliyemshinda kwa kwata, wala kwa ramani, wala kwa lolote.

"Kuruta Devota. Chukua sekshen yako umlete yule bibi wa pale."

"Afande, kwa kosa gani?"

Nadhani Afande alifikiri hakusikia vizuri.

"Umesemaje?"

"Nauliza kosa lake ni lipi, Afande, ili nikimkamata nimwambie."

Alimpiga kofi. Kofia ya Devota ikaanguka, na yeye akabaki amesimama wima kama tulivyofundishwa, mikono kwenye mshono wa suruali, shavu limevimba, na akasema tena, wala hakupandisha sauti, "Sijaambiwa kosa, Afande." Basi Afande akageuka kwa Fidelis. Fidelis hakuuliza kitu. Alipiga saluti, akachukua wavulana wanne, wakaenda kwenye ule mlango tuliokuwa tukifunguliwa kila asubuhi, na wakatoka naye wamemshika makwapani, miguu yake ikiburuta, kitenge kinamvuka, na yeye anasema, "Wanangu, wanangu, mbona mnaniumiza?" Wanangu! Alikuwa akimwita hivyo Fidelis, ambaye siku ile ile asubuhi alikuwa amekunywa kikombe chake.

Sitaeleza yote waliyomfanyia. Walimnyoa kwa wembe mkavu mbele ya watu, wakamchanja usoni na kifuani, na wakachimba sakafu ya jiko lake na kubomoa ukuta mmoja mpaka wakatoka na pembe ambayo hata mtoto angeona ni mpya. Watu wakapiga vigelegele. Nilimwona mwalimu wa shule ya msingi anapiga vigelegele. Wazee wengine walikuwa wamekalishwa mstari wakisubiri zamu, babu mmoja amejikojolea, na makuruta wamewazunguka kwa bunduki za mbao wakiangalia mbele, kwa sababu kuangalia mbele ndiko walikofundishwa. Jua lilikuwa limeshapita utosi tuliposikia pikipiki. Koplo Rashidi alikuja peke yake. Hakuwa na silaha, alikuwa na sare tu na ile sauti yake ya taratibu. Aliingia katikati ya uwanja, akawaambia lambalamba wako chini ya ulinzi na akawatajia kosa, na kabla hajamaliza kutaja walikuwa wameshatawanyika kuelekea kwenye mikaratusi. Wazee wale wengine waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao. Yeye akavua koti lake la mvua akamfunika Bibi Jenoveva, akamwinua.

Koplo alipoondoka jioni, Afande Ndimbo alitupanga tena. "Nani amemleta polisi hapa?" Devota akapiga hatua mbele. Nami nikapiga hatua, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda, nikasema hivyo. Asubuhi yake tulisomewa kwamba tumeondolewa mafunzoni kwa utovu wa nidhamu. Ndilo neno. Hilo hilo. Koplo Rashidi alijaribu kutusemea wilayani, akajibiwa kwamba mgambo hawamhusu, na haukupita muda akahamishiwa kituo cha mbali. Hakuna aliyeshtakiwa. Mwenyekiti alibaki mwenyekiti, Afande akabaki Afande.

Na sasa niseme linalonichoma zaidi, maana wakati ule sikulielewa. Kufukuzwa kule hakukuniharibia mimi chochote. Baada ya muda mfupi nilichaguliwa kuendelea na kidato cha tano, na miaka mitatu minne baadaye niliingia polisi kwa cheti cha kidato cha sita, kupitia mlango ambao hakuna aliyeuliza habari za lile ghala. Devota hakuwa na mlango mwingine. Kila walipokuja kuchukua vijana alikwenda, alikimbia akawashinda wanaume, akajibu maswali, kisha akaombwa cheti cha mgambo. Aliomba mafunzo upya katika kata nyingine. Jina lake lilikuwa limeshatangulia. Akaendelea kujaribu mpaka umri ukapita. Alilinda duka la vifaa vya ujenzi Sumbawanga kwa maisha yake yote, na mtaani kwake wakamchagua aongoze ulinzi shirikishi, bila mshahara, na nimeona kwa macho yangu watu wakiruka kituo cha polisi kwenda kugonga kwa Devota, kwa sababu atawasikiliza mpaka wamalize. Nikiwa mkufunzi nimesimama mbele ya makuruta wengi. Nimeona wanavyopimwa kifua na urefu, wanavyopimwa kwa kupiga mguu chini kwa pamoja. Sijawahi kuona wakipimwa kwa kile alichofanya Devota asubuhi ile, na hapo ndipo pekee ninapojua mtu anapopimika kwa kazi hii. Tulikuwa na mtihani mmoja wa kweli katika mafunzo yale yote. Aliyefaulu tulimfukuza, aliyefeli tukampa nyota.

Bibi Jenoveva hakuweza kukaa tena. Usiku watu waliurushia mawe mlango wake, na hakuna aliyenunua uji. Mpwa wake aliyeolewa Ilemba, kule bondeni, alitoa neno kwamba aende. Sisi wawili tulikuwa tumebaki kijijini kwa mwenyeji mmoja aliyetuhurumia, tukimsaidia bibi kuziba ule ukuta, na ilipopatikana fuso ya mahindi inayokwenda Sumbawanga tukaamua kumsindikiza. Bila sisi kupanga, ilikuwa ndiyo siku ya kufunga mafunzo. Tulimpandisha juu ya magunia na mkeka wake na sufuria lake, nywele zake zikiwa zimeanza kuota nyeupe kwenye makovu. Fuso ikatoka, ikafika pale barabara inapopita kando ya uwanja, na mtu mwenye kitambaa chekundu akaisimamisha. Gwaride lilikuwa linavuka kwenda kwa mgeni rasmi. Kipaza sauti kilikuwa kikisema kuhusu vijana waadilifu, walinzi wa raia na mali zao.

Walikuja wakiimba, mabuti mapya, vumbi linapanda, Fidelis yuko mbele na kifua kimemjaa. Bibi alipoona sare alitoa sauti ndogo, akateleza katikati ya magunia, akajifunika kichwa chote kwa kitenge na kukunja magoti kama mtoto anayejificha. Devota aliinuka. Alisimama juu ya mahindi upande ule wa barabara, kati ya bibi na wao, miguu imeachana, mikono ameiweka nyuma, akiwatazama wenzetu wakipita chini yake safu kwa safu, na baadhi yao walituona wakageuza macho. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia kwa hasira. Kutoka chini ya kitenge bibi aliuliza kama wameshapita.

"Bado, bibi," alisema Devota. "Ni wengi."